Gathogo na Sailensa za Bungoma

Gathogo hakulisikia lile lori likiingia. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza, kabla hajajua limetoka wapi. Alikuwa ameinama juu ya bomba la trekta, miwani ya kuchomelea usoni, na aliponyanyua kichwa akaona bampa ya lori la Muturi imesimama karibu kabisa na mgongo wake. Injini ilikuwa bado inawaka. Ilinguruma kwa mbali, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Muturi alikuwa akibeba mahindi ya wakulima wa Trans-Nzoia, na kwa miaka mingi lori lake lilijulikana mtaa wote wa Tuwan, Kitale, kwa sauti. Watu walikuwa wakisema "Muturi huyo" hata kabla hajakata kona. Sailensa zote alizowahi kufunga kwenye ekzosi yake, ile mitungi ya kupunguza kelele ya injini kwenye bomba la moshi, tangu lile lori likiwa na rangi yake ya kwanza, zilitoka kwa mikono ya Gathogo. Sasa amekuja kuchomelewa mlango wa nyuma tu, na chini ya lori kulikuwa na sailensa ngeni, ndefu, nyeusi, iliyounganishwa kwa mshono mwembamba kama wa fundi cherehani.

"Nani amekufanyia hii?" Gathogo akauliza.

"Ni fundi mmoja wa Bungoma, pale karibu na reli. Ekzosi ilinikatikia huko nikiwa na mzigo, sasa ningefanya nini? Anaitwa Chelimo. Ni mama mmoja wa kutoka huku mlimani."

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Lakini bana, si wewe mwenyewe unasikia."

Gathogo alichutama, akaitazama ile sailensa kwa muda, akaigonga kwa kidole. Akasema itapasuka kabla ya mvua. Muturi, ambaye hakupenda ugomvi, akasema huenda. Mvua ikaja ikapita, na sailensa haikupasuka.

Yafaa nikueleze Gathogo alikuwa mtu wa namna gani. Baba yake alikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri, akafanya kazi katika shamba la mzungu, baadaye akanunua kipande kupitia chama cha ushirika. Kipande hicho kilipogawiwa wana, fungu la Gathogo halikutosha hata kugeuza plau, naye akaamua kuishi kwa chuma. Alijifunzia kazi gereji moja mjini Kitale, kisha akafungua kibanda chake kando ya barabara. Watu walimjia kutoka Endebess na Kiminini. Sailensa zake zilikuwa za aina moja: mtungi wa bati nene, ndani yake bomba lililotobolewa matundu mengi, na pembeni amejaza waya ule wa kusugulia sufuria. Zilifaa. Gari likipita na kelele, Gathogo alikuwa akisema, "Huyo bado hajafika kwangu." Aliisema kwa utani, lakini aliiamini kama mtu anavyoiamini Zaburi.

Baada ya lori la Muturi, alianza kumsikia Chelimo kila mahali. Au tuseme, alianza kutomsikia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Pikapu ya mwenye duka la mbegu ikampita kimya. Trekta ya Mkalenjin mmoja wa Saboti ikampita ikinong'ona. Kanisani, mzee wa kanisa akamwuliza kwa nia njema kama anamfahamu yule fundi wa Bungoma ambaye watu wanamsifu hivi. Gathogo akajibu kwamba hamfahamu na hana haja. Jina hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza linachoma, akikohoa halitoki.

Ndipo akaanza kwenda Bungoma.

Alimwambia mkewe, Kabura, kwamba anafuata mabati na mabomba. Alikwenda siku za Alhamisi, na kwa kuwa hakutaka kuonekana fundi aliyekuja kumchungulia fundi mwenzake, alivaa shati lake la kanisani na kujipaka mafuta mikononi mpaka makovu ya moto yakang'aa. Huko Bungoma aliketi katika hoteli ndogo iliyotazamana na kibanda cha Chelimo, akaagiza chai, akatazama.

Alimwona mwanamke wa makamo, mfupi, ovaroli imetobolewa na cheche, kichwani kitambaa cha bluu. Na alichokiona kilimshangaza. Gari likifika, Chelimo hakuanza kwa kukata. Alimwambia mwenye gari aliwashe, akaondoka, akaenda kusimama mbali ameinamisha kichwa. Mara aseme likanyagwe zaidi, mara kidogo. Kisha alirudi, akapima bomba kwa futi kamba, akauliza maswali, akachora chini kwa chaki, na baada ya hayo yote ndipo akashika chuma.

Gathogo alijiambia kwamba ni maringo tu ya kuwafanya wateja waone kazi ni ngumu. Lakini hakuondoka. Chai ikapoa mbele yake, ikaota utando juu. Kila gari lililotoka kwa Chelimo likiwa limenyamaza lilimpita kifuani, na dereva akicheka kwa furaha, Gathogo alihisi kana kwamba anachekwa yeye. Akarudi Alhamisi iliyofuata. Akarudi tena.

Mwishowe akamtuma mwendesha bodaboda mmoja amnunulie sailensa pale, aseme ni ya lori la kaka yake. Akaifunga gunia, akaja nayo Kitale. Jumapili, Kabura alipokwenda kanisani, yeye akasema anaumwa mgongo, akaenda kibandani akaipasua kwa grinda kutoka kichwa hadi mkia.

Alikuwa ametarajia kukuta kitu. Chuma cha pekee, pamba ya ajabu, kitu cha kutoka ng'ambo ambacho mwanamke yule anakipata na yeye hakipati. Ndani hamkuwa na kitu. Mtungi umegawanywa vyumba vitatu visivyolingana. Bomba moja linaingia, linaishia katikati. Jingine linaanzia nyuma ya pale la kwanza lilipoishia, kana kwamba yamepishana bila kusalimiana. Na chumba cha mwisho kilikuwa na shingo fupi ya kuingilia, lakini hakikuwa na pa kutokea. Waya haukuwamo hata uzi. Sote tumefunzwa kwamba debe tupu ndilo livumalo, lakini hili lilikuwa tupu na lilikuwa limenyamazisha malori.

Gathogo akacheka peke yake. Akasema, kumbe ni hii tu.

Akapima kila kitu, akatengeneza yake mfano wa ile, na kwa bahati mbaya yake mteja wa kwanza kufika alikuwa Sitati wa Misikhu. Sitati alikuwa na kisiagi pale sokoni, mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, ya pistoni moja, ile inayopiga polepole na kwa uzito mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Majirani walikuwa wamechoka. Gathogo alimwahidi ukimya kama wa makaburini. Akaenda Misikhu, akaifunga ile sailensa mpya, akawasha. Mdundo ulitoka mnene kuliko wa kwanza. Kioo cha dirisha la duka la jirani kikaanza kulia.

"Fundi," Sitati akasema kwa upole, "hii kitu ni kama imeongeza kelele."

Palepale, jasho likimtoka, Gathogo aliifungua akaijaza waya. Aliushindilia kwa fimbo mpaka haukuingia tena. Alipowasha, mdundo ulipungua kweli, naye akapumua. Lakini mashine ilianza kutoa moshi mweusi kwenye viungo, ikapata moto, ikawa inavuta kama mtu mwenye pumu. Mahindi yakakwama. Kisha ikazimika, na akina mama wenye makopo ya mahindi vichwani wakasimama wanatazama. Sitati hakumtukana. Alimwambia asikasirike, lakini ataita yule wa Bungoma. Gathogo alirudi Kitale akiwa na sailensa yake mapajani.

Sasa, nyumbani kwa Gathogo mwenyewe kulikuwa na kisiagi. Kilikuwa cha Kabura, nyuma ya nyumba, na kwa vile umeme wa Tuwan hauaminiki, kilikuwa cha dizeli kama kile cha Sitati. Ukuta wa pili kutoka hapo kilikuwa chumba cha Bilha, mama mzazi wa Gathogo. Tangu apatwe na kiharusi, Bilha alikuwa akisema kila pigo la mashine linampata ndani ya kichwa. Hakutaka kuhamishwa chumba, kwa sababu hicho ndicho kilichopata jua la asubuhi. Kwa hiyo Kabura alizima mashine kila mama mkwe alipolala, na wateja wakazoea kwenda kwingine. Alikuwa amemwomba mumewe mara nyingi aitengeneze. Gathogo alijibu kwamba sailensa iliyopo ni yake mwenyewe na hakuna iliyo bora zaidi.

Kabura, katika miezi hiyo, alikuwa na mzigo wake mwingine. Aliona shati la kanisani likivaliwa Alhamisi. Aliona mafuta. Aliona kwamba hayo mabati yanayofuatwa Bungoma hayafiki nyumbani. Halafu Viola, jirani wa mlango wa pili, akaja kumwambia, kwa sauti ya mtu anayesikitika huku anafurahi, kwamba kaka yake alimwona Baba Ciru, yaani Gathogo, huko Bungoma, ameketi hotelini saa nzima, macho hayabanduki kwa mwanamke mmoja anayeitwa Chelimo.

Jina hilo Kabura alikuwa tayari analijua. Mumewe alikuwa akilitaja usingizini.

Hakuna dawa ya wivu wa aina hiyo. Kabura aliacha kula vizuri. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akatazama mikono yake iliyojaa unga, akawaza huyo Chelimo ana umri gani. Alimlilia binti yake Ciru kwenye simu, na Ciru, aliyekuwa ameolewa Eldoret, akamshauri amwulize baba uso kwa uso. Akamwuliza jikoni, wakati wa chai ya asubuhi, Bilha akiwa bado amelala.

"Baba Ciru, huyo Chelimo ni nani?"

Hapo Gathogo alikuwa na jibu fupi. Angeweza kusema: ni fundi, anatengeneza sailensa kunishinda, nami siwezi kulala. Maneno hayo yalifika mpaka ulimini. Lakini kuyasema ilikuwa ni kuyafanya kweli, tena mbele ya mtu ambaye kwa miaka yote alimwita fundi wa mafundi. Akatazama kikombe chake, akanyamaza. Kabura akangoja. Machozi yakaanza kumdondoka, na mumewe akayaona, na bado akanyamaza. Moyoni aliona heri aitwe mzinzi kuliko aitwe aliyeshindwa.

Akachukua kofia yake akaenda kazini.

Kabura hakuwa mtu wa kukaa chini akalia milele. Siku chache baadaye alimwachia Viola kazi ya kumtazama Bilha, akajifunga leso nzuri, akasafiri. Alijiandalia maneno tangu Kiminini. Alipofika Webuye yalikuwa yamekuwa makali kiasi kwamba yeye mwenyewe aliyaogopa kidogo. Alishuka Bungoma, akauliza, akaelekezwa karibu na reli, akijiandaa kukuta msichana aliyesuka nywele, mwenye kucha ndefu. Akamkuta mwanamke wa rika lake amelala chali chini ya pikapu, viatu vya askari vikiwa vimetokeza nje.

"Wewe ndiye Chelimo?"

"Ndiyo, mama. Ngoja kidogo nitoke."

Akatoka, uso una masizi, akafuta mkono kwenye ovaroli kabla ya kuutoa kwa salamu. Kabura hakuupokea.

"Mimi ni mke wa Gathogo. Wa Kitale."

Chelimo akakunja uso, akijaribu kukumbuka. "Gathogo ni nani?"

Kabura alikuwa na majibu ya maneno mengi, lakini si ya hayo. Alidhani ni ujanja. Akamweleza: mzee mrefu, kipara mbele, shati la mistari, anakuja Alhamisi. Chelimo akageuka polepole akatazama hoteli iliyo ng'ambo ya barabara.

"Yule mzee wa chai?" akasema. "Mama, mimi nilidhani ni mtu wa kaunti anakagua leseni. Mpaka nililipia haraka kwa sababu yake. Hatujawahi hata kusalimiana."

Kulikuwa na kitu katika jinsi alivyolisema, kwa mshangao usio na hila, kilichomfanya Kabura aamini. Akajikuta ameketi juu ya gurudumu kuukuu. Akauliza kama mumewe ni mwendawazimu. Chelimo akamwuliza kwani mumewe anafanya kazi gani. Kabura akasema ni fundi wa ekzosi. Basi wote wawili wakaelewa kwa pamoja, na Kabura akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalia tena, na safari hii machozi yalikuwa ya hasira. Chelimo alimletea chai kutoka hoteli ileile.

Walizungumza sana siku hiyo. Chelimo alisema kibanda kilikuwa cha mumewe, na alipofariki yeye alibaki na vyuma asivyojua kuvitumia, akaharibu vingi kabla ya kupatia. Kabura akaeleza juu ya kisiagi chake na kichwa cha mama mkwe. Chelimo akasema hawezi kutengeneza sailensa ya mashine ambayo hajaisikia. Akaahidi kuja.

Kabura alirudi nyumbani na hakumwambia mumewe neno. Alimpikia, akampa chakula, akamtazama akila. Alitaka naye aonje kunyamaziwa.

Siku Chelimo alipokuja, Gathogo alikuja nyumbani kula chakula cha mchana kama kawaida. Aliona mitungi ya oksijeni na asetilini langoni, na mwanamke wa ovaroli amesimama katikati ya ua wake, kichwa kimeinama, akisikiliza tena, na mtungi mpya uliokwisha kufungwa upande mmoja ukiwa miguuni pake. Nyumbani kwake, mbele ya dirisha la mama yake, mbele ya sailensa aliyoichomelea kwa mikono yake, amesimama mtu aliyemnyima usingizi. Na mkewe amemshikia futi kamba.

"Karibu, fundi," Chelimo akasema, bila kejeli. "Shikilia hapa, tafadhali. Mama Ciru hana nguvu ya kushikilia bomba hili."

Angeweza kugeuka aende. Baadaye alisema kwamba alitaka kugeuka. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya fundi, na bomba lilikuwa linahitaji kushikiliwa. Akalishika. Akamwona Chelimo akikata, akipima, akichomelea ndani ya mtungi mpana kuliko wowote aliowahi kuutumia, na wivu ukamjaa mpaka masikio yakawa yanamwunguruma. Kila mshono ulipotoka ukiwa umenyooka, alitamani upinde. Alitamani chuma kipasuke. Alimwomba Mungu kitu ambacho mtu hafai kumwomba Mungu.

Walipomaliza, Kabura akawasha mashine.

Gurudumu likazunguka. Kwa mara ya kwanza tangu kisiagi kiingie katika ua huo, walisikia mkanda ukipapasa chuma, walisikia punje za mahindi zikidondoka, walisikia kuku wa Viola ng'ambo ya ua. Mdundo ulikuwapo, lakini ulikuwa wa chini, wa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Dirisha la chumba likafunguliwa na mkono mmoja dhaifu.

"Kabura," Bilha akaita, "mbona mmezima, na watu wanangoja unga?"

Kabura alikwenda kwake, akashika ule mkono, akamwambia hatujazima, Mama. Bilha hakusadiki mpaka alipoonyeshwa unga.

Gathogo alikuwa bado amesimama na spana. Hakuweza kusema asante. Alichoweza kusema ni hiki: "Kile chumba cha mwisho, kisicho na mlango wa kutokea. Ni cha nini?"

Chelimo akamtazama. Chumba hicho kilikuwa kimefunikwa tangu asubuhi, na Gathogo alifika mchana. "Ulijuaje kuna chumba hicho?"

Gathogo akaanza kuifuta spana kwa shati lake, na Kabura, aliyekuwa anarudi kutoka dirishani, akamwona. Chelimo hakumsumbua. Aliketi juu ya gunia, akavua glavu.

"Injini haipigi kelele, fundi, inatema," akasema. "Vali ikifunguka, hewa iliyobanwa inatoka kwa nguvu, inasukuma. Nyuma yake kunabaki upungufu, inavuta. Sukuma, vuta, sukuma, vuta, hiyo ndiyo sauti. Sasa mimi naitoa kwa bomba nyembamba naiingiza kwa chumba kipana. Sehemu yake inagonga ukuta, inarudi. Nikipata urefu sawasawa, ile inayorudi inavuta wakati inayokuja inasukuma. Ni kama watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu ndani, yule nje. Mlango hauendi."

"Na moshi?"

"Moshi uache upite. Unachozuia ni sauti, si moshi. Ukizuia moshi umekaba injini shingo."

Gathogo akaiona Misikhu mbele ya macho yake, mashine ikivuta pumzi kwa shida. Chelimo akaendelea, sasa kwa furaha, kama watu wanavyozungumzia kazi yao. Akamwuliza kama utotoni aliwahi kupuliza mdomo wa chupa. Kila chupa ina sauti yake, ndogo kali, kubwa nzito. Chumba kisicho na mlango ni chupa. Anakikata mpaka sauti yake iwe ileile ya mdundo wa injini, ndipo kinaumeza. Chupa ya lori haiwezi kumeza mdundo wa kisiagi. Kwa hiyo ni lazima kusikiliza kwanza.

"Na waya," akamalizia, "si kitu kibaya. Hizo sauti kali za gari ndogo, waya unazipunguza vizuri. Lakini mngurumo mzito unapita hapo kama maji kwa kichungi."

Alikula nao ugali na mboga, akamsalimia Bilha, akaondoka.

Kabura alingoja mpaka gari lililombeba likakata kona. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nililia ukiniangalia," akasema. "Ulikuwa na neno moja tu la kusema."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kushindwa."

"Heri mimi nidhani una mwanamke?"

Gathogo akaanza kuokota vipande vya bati.

"Mwanamke ningejua la kumfanya," Kabura akasema. "Bomba nitalifanya nini?"

Hakupiga kelele. Aliingia ndani akaendelea na kazi. Watu wangedhani angefurahi kwamba hakukuwa na uzinzi, lakini haikuwa hivyo. Aliona kwamba machozi yake yalikuwa yamewekwa kwenye mizani pamoja na jina la fundi, na jina likawa zito zaidi. Jambo hilo lilichukua muda mrefu kupoa. Gathogo alipasua kuni, alimpeleka mama yake kliniki bila kuambiwa, aliacha kuvaa shati la kanisani siku za kazi. Kabura alimpa chakula na heshima, na hakumpa zaidi.

Kibandani alibadilika, ingawa si kwa sababu moyo wake ulisafika. Alianza kuwaambia watu wawashe injini zao, naye akasogea mbali, akainamisha kichwa. Mwanzoni aliona haya kama mtu anayeigiza kutembea kwa mwenzake. Aliharibu mitungi mingi. Alikusanya chupa za kila ukubwa, akawa anazipuliza nyuma ya kibanda wakati hakuna mtu, na Viola akaeneza habari kwamba Baba Ciru ameanza kunywa. Polepole sikio lake likafunguka. Akajua kutenganisha sauti kali na mdundo, na kujua ipi ni ya waya na ipi ni ya chumba.

Akarudi Misikhu. Sitati alikuwa bado hajampata Chelimo, kwa kuwa fundi huyo alikuwa amejaa kazi. Gathogo alimwomba ruhusa ajaribu tena, na Sitati, kwa kuwa ni mtu mwema, akakubali. Ilichukua safari kadhaa. Ya mwisho, mashine iliwaka na mama aliyekuwa kwenye foleni akaendelea na hadithi yake bila kupandisha sauti. Moshi ulitoka mwepesi. Mahindi hayakukwama.

Sitati akatabasamu, akampiga bega. "Fundi, sasa hii ni kama ya Chelimo kabisa."

Alisema kwa kusifu, na Gathogo alijua hivyo. Akashukuru, akakusanya vyombo vyake. Bado ilimchoma. Anasema bado inamchoma hadi leo, ila sasa anaweza kuisimulia.

Kabura na Chelimo wamekuwa marafiki. Hupigiana simu Jumapili baada ya ibada, na Chelimo akija Kitale kununua mahindi hulala kwao. Kabura, kwa mumewe, amerudi karibu yote: anamtania, anamwita fundi tena. Lakini kuna kicheko chake kimoja cha zamani, kile cha kujishika mbavu, ambacho Gathogo hajakipata tangu asubuhi ile ya jikoni. Jumapili iliyopita alikuwa barazani akimkata mama yake kucha, akakisikia kikitoka chumbani. Kabura alikuwa kwenye simu na Bungoma. Gathogo akaacha kukata, akasikiliza, na akajikuta anamwonea Chelimo wivu mpya kabisa.

Bilha akamwuliza mbona ameacha. Akamshika kidole kilichofuata, akaendelea.